Mguno Unaoshuka

Lugha yetu, mimi na mdogo wangu, ilikuwa na neno moja tu: mm, midomo ikiwa imefungwa. Tuliibuni tukiwa wasichana kule Kiirua, katika ibada za nyumbani ambapo maombi yalirefuka hadi uji ukapoa jikoni, na kufumbua macho ilikuwa dhambi. Kimeru chenyewe hupandisha na kushusha sauti, kwa hiyo masikio yetu yalikuwa tayari. Mguno wa juu: nakusikia. Wa chini: kuna mtu anatusikiliza. Unaopanda: niko salama. Unaoshuka: nitoe hapa. Wazee walidhani tunaitikia maombi, wakatusifu kwa Mama. Kumbe tulikuwa tunapanga kutoroka.

Mdogo wangu akaolewa Kanja, upande wa Embu. Mumewe ni mtu wa tabasamu, na sikuwahi kumpenda. Mwaka huu akaanza kuweka simu ya mkewe kwenye spika kila nilipopiga, eti naye anisalimie. Mdogo wangu akawa anajibu kama mtoto anayemsomea mwalimu: tuko sawa, mahindi yako sawa, kila mtu yuko sawa. Katikati ya maneno hayo, mguno wa chini. Kila mara wa chini. Nilikuwa nikikata simu, kisha nashikwa na hasira, kwa sababu ningemwambia nani? Chifu gani atapokea mashtaka ya mguno?

Mwezi uliopita simu yake ikawa haishikwi kabisa. Nilipiga asubuhi, nikapiga jioni, ikaita hadi ikakatika. Jumapili moja, tumetoka kanisani na kaka yetu amekuja kula kwangu, nikajaribu tena. Akashika mumewe.

"Shemeji, huyu amelala, ako na homa kidogo," alisema. "But usijali. Nimejua ile siri yenu."

Nikajifanya sijui. "Siri gani?"

"Si hiyo kugunaguna! Nilimshow aniambie yote, na akaniambia. Unajua mimi sipendi vitu za kufichana kwa nyumba." Akacheka. "Amesema nikupatie salamu. Hii ndio ya 'niko salama', ama?"

Akaguna. Alianzia juu, akashuka polepole hadi chini kabisa, kwa uangalifu wa mtu aliyerudia somo mpaka likamkaa.

Nilimwona akilini mdogo wangu ameketi mbele yake, akimsahihisha, uso mkavu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na papo hapo nikamwonea fahari hadi machozi yakanilenga.

"Ndiyo hiyo, shemeji," nilijibu, nikijikaza sauti isinisaliti. "Umeipata kabisa. Hebu rudia."

Akarudia kwa furaha. Mimi nilikuwa tayari nje na simu sikioni, nikimwashiria kaka yetu awashe gari.