Ufunguo wa Tangi la Shemeji

Hasira niliyopanda nayo mlima wa Kasenyi bado ninayo, na sioni sababu ya kuitua.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana kamio, lori la zamani linalobeba samaki wa chumvi kutoka Kasenyi hadi Bunia. Siku zile ilikuwa imeanza kuishiwa nguvu mlimani. Ikipumzika kidogo inaendelea, kisha inalegea tena. Shemeji hakuhitaji fundi kumweleza: shofere anaiba mazutu, dizeli ya tangini. Asubuhi ile, kando ya ziwa huko Kasenyi, alinivuta pembeni.

"Leo njo safari yake ya mwisho. Nitamukamata, na weye utakuwa shahidi. Weye ulisoma."

Nilisoma falsafa. Kuhusu injini najua inakaa mbele. Nilimkumbusha kwamba shofere huyo aliendesha kamio hiyo tangu ilipokuwa ya marehemu baba yao, na kwamba ndiye aliyetuletea kitanda chetu cha arusi. Akajibu kwamba kitanda hakihusiki.

Tukaingia kabini: shofere, shemeji, na mimi katikati, na gia ikinigonga magoti. Juu ya magunia walikaa mama wauza samaki. Shingoni mwa shemeji ulining'inia ufunguo mdogo. Alikuwa amenunua kifuniko kipya cha tangi, chenye kufuli na mpira mnene, ili lisitoke hata tone. Alinionyesha kwa majivuno ya mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Kabla hatujafika nusu ya mlima, injini ililegea. Shofere alishusha gia, akashusha tena, akakanyaga mafuta hadi chini. Hakukuwa na moshi mweusi wala kelele mpya. Nguvu ziliondoka tu, polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Tukasimama, jiwe likawekwa nyuma ya gurudumu.

"Mazutu uliuzisha wapi?" shemeji akauliza.

"Patro, kifunguo iko ku shingo yako," shofere akamjibu bosi wake.

"Ulitengenezesha ingine! Unaniona mutoto?"

Akafungua tangi, akatumbukiza fimbo. Ikatoka imelowa hadi karibu na juu. Mtu mwenye aibu angenyamaza. Yeye alifunga kufuli na kutangaza kwamba mwizi amejazia maji. Shofere akafungua filitre ya mafuta: safi, hakuna tone la maji. Akatoa ya hewa, akaigonga pajani: vumbi la kawaida. Akawasha, na injini ikanguruma kama mpya. Shemeji akanitazama kana kwamba fimbo yake ndiyo iliyoiponya.

Kona chache mbele, ikalegea tena. Jiwe, ufunguo, fimbo, matusi. Nguvu zikarudi. Mbele kidogo, yale yale. Nilikuwa nimeanza kuichukia ile fimbo kama mtu. Shemeji alipokuwa anazungusha ufunguo tena, sauti ikashuka kutoka juu ya magunia.

"Patro! Mbona tangi yako inavuta pumuzi kila unafungua? Siye huku tunasikia: fyuuu! Ni kama mutu alizamishwa mu maji!"

"Ile si tangi," akadakia mwenzake. "Ni patro, anaona fimbo imelowa!"

Wakacheka hadi magunia yakatikisika. Na hapo hata mwanafalsafa akaona. Mafuta yakitoka tangini, sharti hewa iingie mahali pake, la sivyo tangi linayashikilia na injini inanyonya bure. Kifuniko cha zamani kilikuwa na tundu dogo. Hiki kipya hakikuwa nalo. Kila alipokifungua ili kumkamata mwizi, aliiponya kamio, na kila alipokifunga aliinyonga upya. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza wiki aliyokinunua.

"Basi tulegeze kifuniko," shofere akasema.

"Njo yenye unataka! Ilegee, uibe vizuri!"

Hapo nikapayuka. Nilipayuka kwa Kifaransa, maana hasira yangu ina diploma, na mama wa juu, ambao sidhani kama walielewa hata nusu, walinipigia makofi. Shemeji akakubali kwa sharti moja: atalilinda tangi mwenyewe. Akapanda kwenye ngazi ya nje, akashika chuma kwa mkono mmoja na kifuniko kwa mwingine, na kamio ikapanda hadi juu bila kukohoa.

Tulipofika Bunia, aliteremka mwekundu kwa vumbi, kuanzia nyusi hadi viatu. Nilingoja neno moja. Hata "pole" ingetosha. Akatema vumbi, akamwambia shofere:

"Bon, sikufukuzi. Lakini nitatafuta kufuli yenye iko na tundu."

Shofere akazima injini. Akachomoa ufunguo wa kuwashia, akauweka kwenye kiganja cha shemeji, kando ya ule mdogo.

"Sasa zote mbili ziko na weye, patro. Mwizi atapita wapi?"

Akachukua koti lake nyuma ya kiti, akawasaidia mama kushusha gunia la mwisho, akaondoka kwa miguu.

Kamio imeegeshwa mbele ya nyumba ya shemeji, ambaye hajui kuendesha. Jumapili, tukiwa mezani kwake, huniuliza kama mimi msomi simjui shofere mzuri.

"Namjua mmoja," mimi hujibu, na kuomba nipitishiwe chumvi.