Jiwe la Altare la Mzee Melkior

Wiki tatu Mzee Melkior alilichoma jiwe lile huko Kasokola. Ndiyo kazi yake ya miaka thelathini: kulaza kuni juu ya mwamba, kuwasha, kungoja mwamba ushike moto sawasawa, kisha kumwaga maji upasuke. Safari hii haikuwa kokoto. Kigango chao, kanisa dogo huko Nsemulwa, kilitaka altare ya jiwe moja, zima, naye aliahidi mbele ya waumini wote.

Siku ya kulivuta, ng'ombe sita wa Manyanda, mfugaji Msukuma, walifungwa kwenye panda ya mti iliyobeba jiwe ikiburutwa chini. Penye mchanga wanawake walitangulia na ndoo kulowesha njia iteleze. Penye ardhi ngumu waliweka magogo. Katekista Deogratias alisema Wamisri wa kale walivuta mawe yao hivyohivyo.

"Wale hawakuwa watu," Manyanda alibisha. "Yalikuwa majitu."

"Watu tu," alisema Melkior. "Walichoka kama mimi."

"Basi babu wewe Mmisri kabisa. Mgongo huo!"

Walicheka. Melkior hakuwa na nguvu ya kucheka.

Walipopumzika, aligonga jiwe kwa nyundo, mazoea tu. Jiwe zima hulia kama kengele. Upande wa kushoto lilijibu kama gogo bovu. Akakumbuka Alhamisi moja ya kulichoma: magoti yalimuuma, akamwaga maji kabla mwamba haujashika moto sawasawa, ili awahi nyumbani. Uvivu wa saa moja haupotei. Hungoja siku yake.

Mkewe, Pudensiana, alitua ndoo. "Baba Ezekia, kuna nini?"

"Limepasuka ndani."

"Nani mwingine amesikia?"

"Mimi natosha."

Akamwita katekista, akasema kosa lake mbele ya wote.

"Nyie wazee!" Manyanda alifoka. "Ng'ombe wanatoka povu tangu alfajiri, ndiyo unasema sasa?"

"Ningejua jana, ningesema jana."

Deogratias aliinama, akapapasa upande wa kushoto wa jiwe. "Kwa kizingiti litafaa?"

"Likilala chini lote, litafaa. Watu walikanyage."

Wakalivuta hadi mlangoni mwa kanisa.

Jumatatu Melkior alirudi mwambani na mzigo wa kuni. Aliwasha, akaweka ndoo ya maji mbali, mahali ambapo mkono usingefika, akaketi kungoja.