Maombi ya Mama Wambui

Siku yangu ya kwanza kazini, mchungaji wa Gakindu alinipa Biblia, gambuti na onyo. Gambuti zilikuwa za matope ya mashamba ya kahawa. Onyo lilihusu maombi ya wilaya, yaani ya kikundi cha nyumba jirani zinazokutana kusali.

"Mwinjilisti, mtu akianza kulalamikia Mungu, anzisha pambio," alisema. "Usingoje. Shetani hupitia hapo."

Pambio ni ule wimbo mfupi usiohitaji kitabu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana mwenye sauti ya kuamsha kijiji, kwa hivyo kazi hiyo niliiweza sana. Mtu akishikwa na kilio katikati ya maombi, nilipiga makofi, akina mama wakadakia, na kilio kikazama humo. Tuliita hiyo kumsaidia.

Baadaye nilihamishiwa Naro Moru. Mchungaji msimamizi wa huko alikuwa mzee mfupi, mkali wa saa, asiyecheka ovyo. Mtu akichelewa ibada, alisimamisha mahubiri mpaka aketi. Nilimwogopa kuliko baridi ya pale, na ile si baridi ya mchezo.

Hapo ndipo nilipomjua Mama Wambui. Mumewe alikuwa mpagazi, akiwabebea wageni mizigo mlimani, akafia huko juu, kifua kimejaa maji. Tulikwenda kusali kwake kila jioni mpaka mazishi. Desturi yetu ilikuwa kwamba jioni ya mwisho mfiwa mwenyewe hufunga ibada kwa maombi ya shukrani. Jioni hiyo dada yake alinivuta kando mlangoni.

"Ameniambia leo ndio mwisho wake na kanisa," alininong'oneza. "Ati hawezi kudanganya Mungu tena."

Zamu yake ilipofika, Mama Wambui alisimama, akashika kiti.

"Mungu, leo mimi siko na shukrani. Kila asubuhi nilikuwa nakuomba umrudishe. Kila asubuhi! Wewe ulikuwa wapi? Sasa hawa watoto nitawaambia nini?"

Mzee wa kanisa aliyeketi kando yangu akanikanyaga mguu, maana yake anzisha. Nikafungua mdomo. Mchungaji akainua mkono bila hata kufumbua macho.

"Nyamaza, mwinjilisti. Haongei na wewe."

Mama Wambui akaendelea. Alimwuliza Mungu mengine ambayo sitayaandika kwa kuwa ni yake, akalia mpaka akachoka, akaketi bila kusema amina. Mchungaji akaisema kwa niaba yake.

Nje, mzee wa kanisa alimfuata mchungaji akiwa amekasirika. "Mchungaji, umeachilia mtu atukane Mungu!"

"Mzee, ameuliza swali. Wewe unajua jibu?"

Mzee akaanza kutafuta kofia yake.

"Basi hata mimi sijui," mchungaji alisema, kisha akanigeukia. "Kesho utakuja kukaa na yeye. Na usihubiri."

Nilienda, na nikaendelea kwenda. Tulimenya viazi. Siku nyingine alisali kwa sauti, siku nyingine alisema, "Leo siongei na yeye," nami nikaendelea kumenya. Jumapili alikuja kanisani, akaketi nyuma, asiimbe, na hakuna aliyemlazimisha. Namshukuru Mungu kwa yule mchungaji mkali. Bila yeye ningestaafu nikiwa na sauti nzuri tu.

Siku hizi naishi Skuta. Vijana wanaonijia niwaombee, kwanza huwauliza kama wao wenyewe wamemwambia Mungu yaliyo moyoni. Wengi huogopa kumkosea adabu. Nawaambia wamwambie tu, kwani anajua tayari kwamba wamekasirika.

Kanisa liliponiaga nilipostaafu, Mama Wambui alitoka Naro Moru akaja, kichwa chote mvi, akaomba nafasi ya kusali.

"Mungu, lile swali bado hujanijibu, na mimi sijaliacha," alisema. "Lakini ulinitumia huyu mama, nikangoja na yeye. Mtunze."

Niliitikia amina kabla hajaketi.