Macho ya Ézéchias Muhindo

Mwaka wa sitini na mbili, vijana arobaini na mmoja walipanda kilima cha misheni, kaskazini ya Butembo katika Kongo, kwenda kupimwa kama wanafaa kusomea uuguzi. Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Mmoja wao alikuwa Ézéchias Muhindo, mwana wa mkulima wa Vuhovi, kijana mwembamba mwenye mikono mirefu, ambaye usiku wote alikuwa ametembea ili asichelewe.

Kwanza walipimwa nguvu. Wawili wawili walibebeshwa tipoyi, machela ya kubebea wagonjwa, yenye magunia ya mchanga, wakaipandisha hadi kanisani na kuishusha tena bila kuiweka chini. Wengine walirudi nyumbani hapo hapo, wameshika viuno. Kisha wakapimwa masikio: moniteri, mwalimu wa shule, alisimama nyuma yao akinong'ona hesabu, nao wazirudie. Kisha ulimi. Kila mmoja alikaa mbele ya bibi mzee asiyejua ila Kinande, amsikilize, amweleze mfanyabiashara wa Beni kwa Kiswahili yale aliyosema bibi, halafu ayaandike kwa Kifaransa kwa ajili ya daktari.

Mwisho wakapimwa kuangalia. Moniteri, mtu mfupi aliyeitwa Eliezer, aliwaingiza mmoja mmoja katika chumba cha mgonjwa, akahesabu hadi mia, akawatoa nje.

"Umeona nini?"

"Anapumua kwa kinywa," Ézéchias akajibu. "Amekunja goti ya kushoto, na akiinyoosha anauma meno. Chakula ya asubuhi iko chini ya kitanda, hakuigusa. Na kuko mutu alilia pale karibuni, juu leso iliyo kwa kiti ingali na maji. Pengine ni bibi yake ya ndoa."

Eliezer akachukua kalamu. Alikuwa amefanya kazi hiyo tangu wakati wa Wabelgiji, na si mtu wa kusifu. "Wewe uko na macho," akasema, akaandika jina.

Rangi hakuna aliyeziuliza.

Ézéchias mwenyewe hakujua bado. Kwao walilima kahawa, na alipokuwa mtoto alipigwa mara nyingi kwa kuchuma mbichi pamoja na zilizoiva. Baba yake, mzee Paulin, alidhani ni uvivu. Mtoto akajifunza kubonyeza kila punje kwa vidole, ile laini kikapuni, ile ngumu aiache, na fimbo ikapumzika. Hakuwahi kufikiri kwamba wengine hawahitaji kubonyeza. Alidhani wana haraka tu kuliko yeye.

Alijua ukweli katika mwaka wa kwanza, siku ya kupima sukari katika mkojo. Kila mwanafunzi alitia matone kadhaa katika dawa ya buluu, akaipasha moto juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, iko kidogo. Ikiwa nyekundu kama tofali, mgonjwa yuko hatarini. Chupa sita ziliwekwa mezani, na darasa zima likasema kwa sauti moja: hii buluu, hii kijani, hii tofali. Ézéchias aliona buluu vizuri. Zilizobaki zilikuwa zote na rangi ya matope. Alifungua kinywa pamoja na wenzake, akatamka walichotamka.

Msichana aliyekaa karibu naye, Orpa, binti wa mwalimu wa kanisa wa Masereka, alimwona midomo ikichelewa. Walipotoka akamshika mkono wa shati.

"Ndugu Ézéchias, ile chupa ya tatu ilikuwa rangi gani?"

Ézéchias akavuta mkono wake.

"Kwa hiyo hauone."

"Usimwambie mutu, Orpa. Baba aliuzisha mbuzi zote juu yangu."

Orpa hakupenda, lakini alikubali. Tangu siku ile akawa anamnong'oneza: shavu ya huyu imekuwa ya njano, kidonda ya yule imeanza kuwa kijani. Yeye naye alimsaidia Orpa kuinua wagonjwa wazito, maana mgongo wa msichana ulichoka upesi. Wakavuka mwaka wa kwanza hivyo, wakaingia wa pili, na katika kuandika hali za wagonjwa hakuna aliyemshinda Ézéchias. Alisikia harufu ya kidonda kilichooza kabla bandeji haijafunguliwa. Alijua homa inapopanda kwa namna mgonjwa anavyovuta blanketi. Pole pole akaanza kuamini kwamba kilichopungua kwake si kitu.

Mwezi wa nane wa mwaka wa sitini na nne, Basimba, waasi waliopigana na serikali, walifika. Daktari na mademoiselle, muuguzi wa kizungu, walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Uganda siku chache kabla, na wanafunzi wengi walikimbilia makwao. Hospitali ikabaki mikononi mwa Eliezer na wanafunzi wanne. Waasi hawakuiharibu, maana walikuwa na majeruhi. Walileta watu wao asubuhi na jioni, wakawalaza hata kwenye veranda, wakasimama karibu, bunduki mikononi, wakisema: "Huyu akikufa, na wewe utamufwata."

Katika siku hizo ndipo alipoletwa Hadidja. Mume wake, Asumani, alikuwa na kamioni ya kubeba samaki na chumvi kati ya Beni na Kirumba. Waasi walikuwa wameichukua kamioni pamoja na yeye mwenyewe aiendeshe. Kwa hiyo Hadidja alikuja na mama mkwe wake tu, Mama Sofia, wakitembea kwa miguu huku uchungu umekwisha kuanza. Orpa alimzalisha kabla ya saa sita ya mchana, mtoto msichana, mwenye kilio cha nguvu. Hakukuwa na mashuka safi hata moja, basi Mama Sofia akatandika kikwembe chake mwenyewe, kitenge kizito, cha kijani cha majani ya mgomba.

Mara wakaleta mtu aliyepigwa risasi ya tumbo. Eliezer akamwita Orpa chumba cha upasuaji, na mlangoni akamwambia Ézéchias: "Unabaki na maternite, na huyu mama. Kila robo saa unaangalia damu, unashika mushipa, unabonyeza tumbo uone kama kizazi kimekaza. Umesikia?"

"Nimesikia, musiye."

Lakini aliposogea kitandani, Mama Sofia alisimama katikati.

"Hapana, mutoto yangu. Mwanaume hapana funua bibi ya mwana wangu. Ngojea ule musichana arudi."

"Mama, ni kazi. Lazima niguse tumbo."

"Angalia tu. Macho uko nayo."

Angeweza kushindana naye. Alikuwa na maneno ya kutosha, katika lugha tatu. Lakini alimheshimu, tena alikuwa amezoea kusifiwa macho yake. Mama Sofia akainua ncha ya blanketi kidogo, Ézéchias akainama, akatazama. Aliona kikwembe, kizito na cheusi kidogo, kina unyevu. Akadhani ni maji waliyomwogeshea. Akaandika: hakuna damu.

Akashika mkono wa Hadidja. Mshipa ulikwenda haraka, lakini nje bunduki zilikuwa zinalia upande wa barabara, na mshipa wa kila mtu siku ile ulikwenda haraka. Robo saa ya pili akatazama tena, akaandika vile vile. Hadidja aliomba maji. Akanywa, akaomba tena. Kisha akapiga miayo, mara moja, mara mbili, mara tatu, miayo mirefu ya mtu anayetafuta hewa. Ézéchias aliiona. Akaandika: amechoka, anataka kulala.

Ilikuwa robo saa ya tatu alipoweka mkono kwenye paji la uso wake akalikuta baridi na lenye jasho. Hapo akamsukuma Mama Sofia pembeni bila kuomba ruhusa, akatia mkono chini ya yule mwanamke. Kikwembe kilikuwa kimeloa kuanzia mgongoni hadi magotini, cha moto, kinanata. Alipiga kelele akimwita Orpa, akakanda tumbo kwa nguvu zake zote, na kizazi kilikuwa laini kama unga uliokandwa. Orpa alipoingia, alisimama mlangoni akafunika kinywa, kwa sababu yeye tangu pale aliona kitanda chote chekundu.

Walifanya waliyoyajua. Hadidja alikufa jua likiwa bado juu, akimtafuta mtoto kwa mkono.

Jioni ile Eliezer aliwaketisha wawili hao katika chumba cha madawa, akashika daftari. "Hakuna damu. Hakuna damu. Ézéchias, wewe ndiye uliandika hii?"

Akamweleza yote: kahawa, chupa sita, Orpa. Orpa alilia akisema kosa ni lake pia. Eliezer alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka daftari mezani kana kwamba limekuwa zito.

"Nilikupima mugongo," akasema. "Nikakupima masikio, nikakupima ulimi. Nikasema huyu iko na macho. Na mimi ndiye nilikuacha peke yako." Akajikuna kichwa. "Bon. Sikia. Asumani atakuja na bale batu ba bunduki. Yeye ni dereva yao, banamuhitaji. Ukisema hivi mbele yao, watakuua kwa veranda. Tutasema damu ilimushinda. Si uongo."

"Si uongo, musiye," Ézéchias akajibu. "Lakini si yote."

"Yote itafaa nani?"

Ézéchias akainuka akatoka. Siku mbili hakula. Alibeba wagonjwa, akafua bandeji, na kila alipopita karibu na Mama Sofia aliyekaa na kitoto akikinywesha maji ya sukari kwa kijiko, mama yule alitazama chini, na yeye pia alitazama chini.

Siku ya tatu, saa nne ya asubuhi, kamioni ilipanda kilima. Asumani alishuka, mtu wa miaka thelathini hivi, kofia mkononi, ndevu hazijanyolewa. Alikuwa amekwisha kupata habari njiani. Katika kabini alibaki mwasi mmoja, ngozi ya mnyama kichwani, bunduki kwenye magoti, mlango wazi. Eliezer alitangulia kutoa pole. Ézéchias akatoka nyuma yake, akasimama mbele ya Asumani kiasi cha hatua mbili.

"Kaka Asumani, mimi ndiye nilikuwa ninamulinda. Alikuwa anatoka damu na mimi sikuiona. Macho yangu haitenganishe nyekundu na kijani. Nilijua hivyo, na nikaficha, juu nisifukuzwe shule. Kama ningesema, wangeniwekea mutu mwingine. Nilikuwa ninapashwa kusema."

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini haikutetemeka. Eliezer alifumba macho. Asumani alikunja kofia mkononi. Mishipa ya shingo ilimsimama, na mkono wenye kofia ukapanda kama unaotaka kupiga, ukabaki pale hewani.

"Huyo muganga anasema nini?" mwasi akauliza kutoka kabini.

Kuku alipita chini ya kamioni. Ézéchias akawaza juu ya mbuzi wa baba yake, kitu ambacho baadaye hakuweza kukieleza.

"Anatoa pole," Asumani akasema bila kugeuka. "Pole tu."

Kisha akamwegemea Ézéchias karibu, hata pumzi yake ikamgusa. "Usinipe tena pole yako. Maisha yako yote, tukikutana kwa njia, pita upande ingine." Akaingia ndani, akatoka na mama yake na mtoto, akawapandisha kabini, akawasha injini. Alikuwa analia akiendesha. Waliobaki kilimani waliona kamioni ikiyumba mpaka kona ya chini.

Kabla mwaka haujaisha jeshi la serikali lilirudi, na hapo watu wengine wakafa kwa kudhaniwa kuwa waasi. Shule ilifunguliwa tena mwaka wa sitini na tano. Wanafunzi waliorudi walipewa karatasi ya kujaza juu ya afya zao, na Ézéchias akaandika kwa Kifaransa safi kile alichokificha. Wakubwa wa shule walikaa siku nzima wakimjadili. Eliezer alimtetea, akasema ni mwanafunzi bora aliyepata kumfundisha. Hata hivyo walimnyima diplome. Walimpa kazi katika chumba cha plasta, kunyoosha mifupa na kuwatembeza waliovunjika, chini ya mwingine mwenye cheti. Alikubali. Mzee Paulin alipopata habari alisema neno moja tu, kwamba mbuzi wale walikuwa wazuri. Orpa alimaliza, akawa mkunga, na kila mwaka katika kupima wanafunzi wapya Eliezer alimtuma awatandazie nyuzi za sufu za rangi mbalimbali mezani, wazitenge. Ézéchias hakuingia kamwe katika chumba kile siku hiyo.

Kulipita miaka mitatu. Siku moja alitumwa Beni kununua chokaa ya plasta, na alipokuwa anakatiza sokoni akamwona Mama Sofia mbele ya meza ya chumvi, ameshika mkono wa mtoto mwenye shanga shingoni. Alikumbuka neno la Asumani, akageuka apite upande mwingine. Mama Sofia akamwita.

"Muganga. Simama."

Akasimama.

"Huyu anaitwa Safi," akasema yule mama. Mtoto alimtazama kijana, akajificha nyuma ya kikwembe. Mama Sofia alichezea chumvi kwa kidole. "Ninataka kukuuliza. Ile siku, mimi ndiye nilikukataza kufunua. Kama ningekuacha, ungeona?"

Ézéchias alijua ni jibu gani lingempunguzia mzigo, na ni jibu gani lingeuongeza. Alimtafuta machoni kabla ya kusema.

"Kuona, hapana, mama. Ningegusa. Pengine ningejua. Lakini nilipashwa kumwita Orpa, na hiyo haukunikataza wewe."

Mama Sofia alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Akalipa chumvi yake, akamwinua mtoto mgongoni, akamfunga vizuri. "Asumani iko kwa parking," akasema. "Pita kule nyuma ya kanisa, asikuone."

Akapita kule nyuma ya kanisa.