Mabakuli Yasiyosubiri Hotuba

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, jikoni hanyamazi, lakini mbele za watu hafungui mdomo. Mwambie asimame aseme neno kwenye kikao cha wazazi, atakutoroka kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana siku ile nitaisimulia mpaka mnichoke.

Kazi yake ni kutengeneza mabakuli ya makapi ya miwa. Makapi anapewa bure na muuza juisi wa njia panda, aliyekuwa akihangaika pa kuyatupa. Anayachemsha, anayatwanga mpaka yawe kama uji mzito, anayatandaza kwenye kalibu ya chuma na kuyabana kwa mashine ya moto. Mashine hiyo ilifukuza pikipiki ya kaka chumbani. Kaka alinuna wiki nzima, kisha akawa yeye ndiye mbanaji. Mabakuli yakishatumika hufukiwa shimoni pamoja na maganda ya jikoni, na mbolea inakwenda kwenye matuta ya mboga ya majirani.

Kasoro yake ni moja: yanalowa. Yanahimili mchuzi wa moto kwa muda wa mtu kula kwa nafasi. Ukianza kuwasengenya mawifi zako katikati ya chakula, shauri yako.

Siku moja muuza vifaa alikuja na dumu la dawa. Akadondosha tone la mafuta kwenye bakuli lake la mfano. Tone likakaa juu, duara, haliingii ng'o.

"Umeona, dada? Mchuzi unakaa kutwa."

"Na likifukiwa, hiyo dawa inaoza?"

"Aa, bakuli linaoza vizuri tu."

"Bakuli nimesikia. Nimeuliza dawa."

Yule bwana akatazama saa yake.

Jirani yetu anayepima maji maabara hakuweza kuapa kilichomo kwenye dumu lile. Lakini alisema dawa nyingi za kuzuia mafuta zina kemikali zisizooza: bakuli linakwisha, zenyewe zinabaki kwenye udongo, zinaingia kwenye maji na mboga, kisha mwilini, na huko zinakaa miaka. Baadhi yake zimehusishwa na saratani.

"Yaani niwalishe majirani sumu, niite mbolea?" wifi akafoka. "Sithubutu!" Dumu likarudi lilikotoka.

Basi ikaja sherehe ya kumuaga mkuu wa wauguzi wa hospitali, aliyekuwa akistaafu. Mama wa kantini hakumung'unya maneno: "Lete mabakuli yako. Yakitufaa, kantini nzima ni yako. Yakivuja, nachukua ya yule bwana mwenye dawa." Wifi alikosa usingizi, nasi tukakosa amani.

Siku yenyewe nilikwenda kumsaidia kupakua. Kila mgeni akapata wali na mchuzi, mvuke unapanda, watu wanameza mate. Mara mshereheshaji akatangaza chakula kisiguswe kwanza, tumsikilize mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti huyo tunamwita Mwisho-Mwisho, kwa sababu husema "na mwisho kabisa" tangu anapoanza, na mwisho wenyewe hauonekani. Akasimama na kukunjua karatasi zake. Nikapapasa chini ya bakuli langu, nikakuta unyevu.

Nilipogeuka, wifi alikuwa ameshanyakua kipaza sauti.

"Jamani, samahani. Mabakuli haya ni ya mikono yangu. Sijayatia dawa ya kuzuia mafuta, kwa sababu ile haiozi, na sitaki tuile kwenye mboga. Kwa hiyo yanalowa. Ukila sasa, utafurahi. Ukingoja hotuba, mchuzi utaukuta mapajani. Mzee, tafadhali, na wewe ule."

Mkuu wa wauguzi akashika kijiko, na hapo watu wakaangua kicheko na kuvamia chakula. Mwisho-Mwisho akatazama bakuli, akatazama suruali yake mpya, akakaa. Ndiye aliyemaliza wa kwanza, na hotuba ya mtu aliyeshiba ikawa fupi ajabu.

Halikuvuja hata moja. Hata hivyo mama wa kantini alipita meza kwa meza akiyainua na kuyakagua chini, midomo ameibana.

"Lakini yamelowa," akasema.

"Na mimi nimeshiba," akajibu mkuu wa wauguzi. "Mwenzangu, nimekula hospitali hii tangu nikiwa mwanafunzi. Kila nikishika kijiko naitwa, na nisipoitwa kuna hotuba. Leo ndiyo mara ya kwanza nakula chakula kikiwa cha moto. Wape wauguzi wangu mabakuli haya haya, na asiwaite mtu mpaka wamalize."

Wauguzi wote wakasimama kupiga makofi, wengine wakipangusa macho, na mimi nikapangusa yangu. Mama wa kantini akasubiri kelele zitulie, akamwuliza wifi kama anaweza kuanza Jumatatu.