Magitaa mawili, amp mbili, na miezi minane ya kupandisha volume

Wakuu, salaam kutoka Gisenyi, hapa mpakani na Goma.

Nina hasira tangu Jumamosi, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni kwangu mwenyewe. Nitaeleza yote kama yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga. Na nitaonekana.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Bukoba, tukarudi nyumbani nikiwa na miaka kumi na sita. Mchana niko ofisini, weekend napiga gitaa kwenye bendi ndogo. Tuko watano: drums, bass, magitaa mawili, na mwimbaji mmoja anayeitwa Mama Keza.

Tusidanganyane, bendi ni Mama Keza. Hoteli ya kando ya ziwa inayotupa Jumapili alasiri ilituchukua kwa sababu meneja alimsikia akiimba kwenye harusi. Sisi wengine tuliingia kwa mgongo wake.

Sasa, huyu mama ni mwalimu wa primary kule Rugerero. Sauti ndiyo inayomlisha. Na kwa miezi minane, kila Jumatatu alikuwa anaingia darasani amekauka koo, anafundisha kwa kuandika ubaoni na kupiga makofi.

Waliomkausha ni mimi na Dido.

Dido ndiye gitaa la pili. Amekulia Goma, anapiga solo, mimi napiga rhythm. Kila mmoja ana amp yake, lile boksi la spika la gitaa, na kila mmoja anaipenda kuliko inavyostahili.

Ijumaa jioni mimi naiset yangu sebuleni, peke yangu. Bass juu, treble juu, sauti za katikati nimeng'oa. Inajaa nyumba nzima, mke wangu anafunga mlango. Nikifika mazoezini, sijisikii. Naona kama gitaa langu limezama.

Nifanyeje? Napandisha.

Dido, ambaye huniita Vieux, yaani mzee, ananigeukia, "Vieux, mi nasikia we tu! Sasa mi napigia nani?"

Naye anapandisha.

Nami namwambia, "Dido, hilo gitaa lako linanitoboa sikio, punguza." Anajibu, "Nipunguze nini? Mi hata sijisikie!"

Wakuu, na kila mmoja wetu alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Hakuna aliyekuwa anadanganya, na miezi minane tuliitana waongo.

Tulijaribu kila kitu cha kipuuzi. Nikanunua pedal ya gitaa. Dido akabadilisha nyaya. Drummer akaambiwa apige taratibu, akanuna wiki mbili. Mama Keza akaambiwa ashike mic karibu na mdomo, aimbe "kwa tumbo". Ndiyo, mimi ndiye niliyemwambia. Mtu aliyeimba kanisani tangu utoto, namfundisha kupumua.

Basi, Jumamosi hii tumekusanyika kwenye stoo tunayofanyia mazoezi. Mama Keza kaja na kitambaa shingoni. Mic hakuiweka mdomoni. Akanipa mimi.

"Leo siimbe. We njo utaimba. Kuja simama hapa, fasi yangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaweka gitaa chini, nikasimama mbele anaposimama yeye. Akamwambia Dido apige kama kawaida yake.

Jamani.

Ile solo niliyokuwa nalalamika inanitoboa sikio, hapo mbele ilinijia kichwani kama msumeno wa bati. Nilifungua mdomo niimbe, sikusikia hata neno langu moja. Nikapiga kelele. Koo likauma kwenye mstari wa pili.

Kisha akamsimamisha Dido pale, mimi nikapiga. Dido hakumaliza hata nusu dakika. "Bon, bon, inatosha! Vieux, we unapiga hivi? Hii si muziki, hii ni lori!"

Tukaanza kuangalia kwa macho sasa, siyo kwa kiburi. Amp zote mbili ziko sakafuni, nyuma ya visigino vyetu, zinatazama mbele. Sauti yangu inapita katikati ya miguu yangu, mimi siipati. Ya Dido iko upande wa pili, inanifikia vizuri. Naye hivyo hivyo, anapata yangu, yake inapita. Zinakokutana zote mbili ni kichwani kwa Mama Keza.

Wakuu, masikio hayako magotini. Nina miaka ishirini kwenye gitaa, nikajua hilo Jumamosi.

Tukapandisha amp juu ya viti, kila moja imemtazama mwenyewe usoni. Mimi nikapunguza bass nikamwachia mpiga bass kazi yake. Dido akapunguza treble, nami nikarudisha ile katikati niliyoing'oa. Ukisikiliza gitaa langu peke yake sasa ni jembamba, kama redio ya mlinzi. Roho iliniuma. Lakini tukipiga pamoja, kila moja lina nafasi yake, na volume zote mbili ziko chini ya nusu. Drummer naye akapata kupiga bila kunong'ona.

Mama Keza akavua kitambaa, akashika mic. Akaimba kwa sauti anayoongelea na watu.

Kuna wimbo wake mwenyewe tunaupiga kila Jumapili. Hapo ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza maneno ya ubeti wa pili. Ni wa kumlilia mama yake, aliyezikwa Masisi, kwao Congo, na yeye hakuweza kuvuka mpaka kwenda kumzika. Miezi minane nimeupiga wimbo huo nikidhani ni wa mapenzi.

Tulipomaliza Dido akawa anaruka. Mimi nikamwambia Mama Keza, sasa basi, umepona, kesho hotelini watatukoma.

Akakunja kitambaa chake. "Kesho njo mwisho yangu na ninyi. Nimeshapana neno kwa kwaya moja ya Mahoko. Bale hawana gitaa, banapiga ngoma na mikono tu."

Nikamuuliza, mama, mbona hukutuambia?

Akaniangalia bila hasira yoyote, na hilo ndilo baya zaidi.

"Nilisema. Mara tatu. Mulikuwa munapiga."

Kwa hiyo somo langu ni hili: kabla hujagusa volume, nenda kasimame anaposimama anayeimba. Ni hatua tano. Sisi zilituchukua miezi minane, na tulipofika alikuwa ameshaondoka.

Wenye bendi za magitaa mawili, tiririkeni mnavyopanga amp zenu. Lakini nawataka hasa waimbaji: mmewahi kuwaambia nini wapiga gitaa wenu ambacho hawakukisikia? Andikeni hapa. Mimi na Dido tutasoma yote.