Mguu wa Nne

Miongoni mwa watu ninaowashukuru katika maisha yangu yupo mmoja aliyekataa kunisadiki. Ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kasongo, na kazi yake hasa ni kuunda vibebeo vya mizigo vya pikipiki zinazokwenda Kabambare na Salamabila. Barabara ile huvunja kila kitu kilichotengenezwa bila hofu. Kwa hiyo mikono ya fundi huyu ilikuwa imejifunza dawa moja ya kila udhaifu: kuongeza chuma.

Katika barabara hiyohiyo pikipiki iliniangukia, na hospitalini wakanikata mguu wa kulia chini ya goti. Daktari alinieleza kwamba kuachiwa goti ni neema: mwenye goti hutembea, asiye nalo huutupa mguu mbele yake kama mzigo. Nilimsikia bila kumwelewa. Nilichojua ni kwamba mimi ni mwalimu, nimefundisha sekondari kwa miaka zaidi ya ishirini, na mtu mwenye magongo mawili hawezi kushika kitabu na kuandika ubaoni kwa wakati mmoja. Warsha za miguu ya bandia ziko katika miji ya mbali, safari ambayo sikuiweza. Nikaenda kwa fundi.

"Mwalimu, mimi sijatengeneza mutu hata siku moja," alisema. "Natengeneza pikipiki."

"Basi nihesabu kuwa pikipiki."

"Pikipiki haina shemeji. Ikivunjika, mwenyewe ananitukana, inaisha. Weye ukianguka, ukoo muzima utakuja kukaa hapa kwangu."

Hata hivyo alinipima kwa kamba, na baada ya siku chache mguu wa kwanza ulikuwa tayari. Juu ulikuwa na kikombe cha bati kilichotandikwa kipande cha blanketi, ambamo kigutu changu kiliingia. Katikati bomba lililotoka katika kiunzi cha pikipiki. Chini wayo wa mti mgumu uliopigiliwa mpira wa tairi. Nilisimama. Nikatembea hadi mlangoni, nikarudi. Ukingo wa kikombe ulinigonga kwenye mfupa kwa kila hatua, mahali palepale.

"Iko namna gani?" akauliza.

"Iko muzuri, fundi. Mungu akubariki."

Sikusema hivyo kwa unafiki, au ndivyo nilivyojiambia. Kwetu mtu aliyeandaliwa chakula hasemi habari za chumvi. Kazi ya mkono wa mwenzako, hasa aliyoifanya kwa moyo, hupokewa kwa mikono miwili, na kasoro yake humezwa kimya. Nililelewa hivyo, na nimewalea wengine hivyo.

Baada ya majuma matatu fundi alipita shuleni kuutazama mguu wake, kwa maana aliuona kuwa wake. Akauliza tena, nikamjibu vilevile. Alifurahi mno, na katika furaha hiyo akauchukua na kuuchomelea nondo mbili, moja kila upande, ili udumu. Kitu kizuri, kwa hesabu ya ufundi wake, kilistahili kuimarishwa. "Sasa hata ukibeba gunia mbili za mupunga, haivunjike," aliniambia aliponirudishia. Mguu huo, niliouhesabu kuwa wa pili, ulikuwa mzito kama jembe lililokamata udongo. Nikamshukuru tena.

Kidonda kilianza kama alama nyekundu. Nilikifunga kitambaa, nikashusha suruali, nikaingia darasani. Homa iliponishika ndipo nilipokwenda kituo cha afya, na aliyenifungua kile kitambaa alikuwa muuguzi ambaye zamani aliketi mbele yangu darasani.

"Hii kidonda iko na siku ngapi, Mwalimu?"

"Chache."

"Chache za nani?" Alisafisha bila haraka. "Sikia. Ikifika kwa mufupa, watakata tena, na mara hii watapita juu ya goti. Ile chuma uiache mupaka pakauke. Na weye ndiye ulitufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ama ile ilikuwa ya mutihani tu?"

Mtu hufundisha methali miaka ishirini akidhani anaimiliki.

Nikarudi kwa magongo hadi karakana, mguu ukiwa ndani ya mfuko. Nilikuwa nimejiandalia uongo mwingine: kwamba nasafiri, naye aniwekee mguu mpaka nirudi. Nikiwa bado naieleza safari hiyo, fundi aliuchukua mfuko na kuufungua. Aliugeuza mguu, akautazama wayo kwa muda, akapitisha kidole gumba ukingoni mwake.

"Hii mpira imekulika upande moja," alisema. "Pikipiki ikikula mpira hivi, kuna mahali chuma imepinda. Lakini chuma yangu naijua, haijapinda. Basi aliyepinda ni weye, Mwalimu. Unakimbia nini?"

"Sikutaka kukuvunja moyo."

"Moyo yangu haitembee na hii mguu. Onesha."

Nikapandisha suruali. Alikitazama kidonda, kisha akazitazama zile nondo mbili alizoziongeza kwa upendo. Hakunikemea. Aliketi juu ya tairi na kusema polepole, "Kumbe niliongeza uzito juu ya kidonda."

Nimesoma vitabu vingi vinavyolaani uongo, na vyote hulaani uongo wa mwovu. Sikuwa nimesoma kwamba mtu mwenye adabu anaweza kumfanya mtu mwema amdhuru, na kumshukuru anapomdhuru. Fundi hana kipimo kingine cha kazi yake ila kile anachoambiwa na anayeitumia. Nilimnyima kipimo hicho, kisha nikaiita heshima.

Tulisubiri kidonda kikauke. Zilikuwa wiki nyingi. Wakati huo fundi aliachana na bati. Alitafuta mti mwepesi ule ambao wavuvi wa Nyangwe huukata kwa maboya ya nyavu, akachonga kikombe kipya. Akakipaka masizi ndani, akanivalisha soksi nyeupe, akaniambia nisimame, nitembee hatua kumi, nivue. Palipokuwa na alama nyeusi kwenye soksi ndipo mti ulipobana. Hapo akakwangua kwa patasi, akapaka masizi upya. Tulifanya hivyo asubuhi nzima, na asubuhi nyingine tena. "Nikiuliza, jibu kwa kidole," aliniamuru. "Mudomo yako nimeshaijua." Mbele ya mfupa aliacha nafasi, ili uzito ushukie kwenye nyama iliyo chini ya goti, inayoweza kuuchukua.

Mguu wa tatu ulikuwa mwepesi na haukuniumiza. Lakini siku ya mvua ya kwanza tope liliushika wayo, nami nikaendelea na safari bila mguu. Nilipouvuta kutoka topeni, ukingo wa kikombe ukapasuka. Nilimpelekea vipande hivyo bila kupamba neno, akacheka hadi akaiweka chini nyundo yake. "Safari hii umesema kweli kwa sababu huna pa kuficha," alisema. Akautundika mguu huo ukutani kwenye msumari, kando ya ule wa kwanza na zile nondo za wa pili alizokuwa amezing'oa. Hakuwahi kutupa kazi iliyoshindwa. Aliitazama kila alipoanza nyingine.

Wa nne aliufunga ukingo kwa utepe mwembamba wa chuma, chuma pekee alichokiruhusu huko juu. Aliuongezea mshipi wa mpira wa tairi ya ndani, unaoshika juu ya goti. Nao wayo aliuviringisha mbele na nyuma, ili tope liuachie.

Nilitembea nao mwezi mzima ndipo nikarudi kituo cha afya. Muuguzi alibonyeza kigutu huku na huku, akapita na kidole juu ya kovu. Ngozi ilikuwa kavu. "Hakuna wa kukukata tena, Mwalimu," alisema. "Goti ni lako." Akamwita mgonjwa aliyefuata, nami nikashuka mezani na kutoka nje kwa miguu yangu.

Jumapili iliyofuata nilipiga magoti misani, yote mawili, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu ajali. Nilimshukuru Mungu kwa goti hilo, kwa muuguzi na kwa fundi, na katikati ya shukrani hiyo nikasikia ukingo wa kikombe ukinibana nyuma, kwenye kano. Sikuinuka. Lakini Jumatatu, kabla ya kengele ya shule, nilipita karakana.

"Fundi," nilimwambia baada ya kumwamkia, "nikipiga magoti inanibana nyuma."

"Ulipiga muda gani?"

"Misa nzima."

"Ee," alisema, akanyoosha mkono kuchukua patasi. "Keti, uivue."